Dar – Unguja – Pemba kwa boti: mwongozo kamili kwa wanaoachwa, wanaotapika na wanaorudi bila kuona kitu

Kila likizo ikiisha maswali ni yale yale. Nimeachwa na boti. Nimetapika njia nzima hadi watu wakanionea huruma. Nimeenda Zanzibar siku nzima, nimefika bustani ya Forodhani mchana jua la utosi nikakuta hamna hata mshikaki mmoja. Wengine wamelipa hela ya kwenda kwenye fungu la mchanga la Nakupenda wakakuta mchanga wenyewe uko chini ya maji.

Ukiwauliza vizuri unakuta wote wamepanga safari ya boti kama basi la Morogoro, yaani nitaamka, nitafika, nitaona mbele kwa mbele. Baharini haiendi hivyo, boti za siku ni chache, na upepo na maji vina ratiba yao ambayo haikuulizi wewe umeomba likizo lini. Kwahiyo hapa tunapanga kinyumenyume: kwanza boti ya kurudi, alafu maji, alafu ndio vivutio.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kitambulisho halisi. Mtanzania beba NIDA, leseni, kadi ya mpiga kura au pasipoti. Picha ya kitambulisho kwenye simu usiitegemee. Wa nje ni pasipoti, na anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, abebe na kadi ya chanjo.
- Bima ya Zanzibar kwa watalii wa kigeni. Ilianza kudaiwa Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, na inakatwa onlaini kabla ya safari. Mtanzania haikuhusu, ila kama unapokea shemeji kutoka Ulaya mwambie mapema asije akaanza kuhangaika akiwa kwenye foleni.
- Dawa ya kichefuchefu cha safari, tangawizi, na mfuko wa kutapikia wa akiba.
- Sweta au kanga. Ndani ya boti kiyoyozi kinapulizwa kama mnahifadhiwa samaki.
- Kofia, maji, na viatu vya kulowa. Urchini, wale wa baharini wenye miiba, wapo, na ukimkanyaga mmoja safari imeisha.
- Nguo za heshima, mabega na magoti yafunikwe. Nguo za bichi ni za bichi.
- Hela taslimu kiasi. Mjini ATM zipo na malipo ya simu yanakubalika sehemu nyingi, ukienda shamba au Pemba mambo yanapungua.
- Mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilipigwa marufuku toka 2006, bara 2019, usijibebee shida.

## Hatua ya 1: Anza na boti ya kurudi

Kabla hujafikiria unaenda lini, jiulize unatakiwa kuwa wapi baada ya safari na saa ngapi. Kama una treni ya SGR kwenda Dodoma jioni, au ndege, usipange kurudi na boti ya mwisho ya siku hiyo hiyo. Rudi jana yake au chukua boti ya asubuhi. Boti ikicheleweshwa na hali ya hewa hakuna atakayekulipia treni yako.

Boti ziendazo kasi kati ya Dar na Unguja zinatumia kama saa mbili kwa umbali wa kilomita 70 hivi. Kampuni kubwa mbili zinazofanya kazi hiyo ni Azam Marine na Zan Fast Ferries. Safari zinatawanywa asubuhi, mchana na alasiri, na ratiba inabadilika, kwahiyo angalia ya wiki hiyo na sio ya mwaka juzi uliyotumiwa na rafiki yako kwenye grupu.

Sasa kuna mtego ambao unawapata hata watu wazima na akili zao. Tiketi inaandika saa za kizungu. 07:00 ni saa moja asubuhi. 16:00 ni saa kumi jioni. Watoto wetu wa diaspora na majirani ambao Kiswahili chao sio cha kila siku wanaambiwa kwa simu "boti ni saa tatu na nusu" wanakuja saa tisa na nusu mchana wanashangaa hawaoni mtu. Na kinyume chake pia ipo. Andika zote mbili kwenye karatasi moja, 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi, basi.

Epuka kwenda bila tiketi siku za Eid, mwisho wa Desemba, Sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12 Januari, na Februari kipindi cha tamasha la Sauti za Busara. Siku hizo ya kwenda unaweza ukapata, ya kurudi ndio inakuwa mtihani.

Umefanikiwa hapa kama unaweza kusema kwa sentensi moja: narudi tarehe fulani, boti ya saa fulani, na ikishindikana kuna boti nyingine baada yake kabla sijaharibikiwa.

## Hatua ya 2: Angalia upepo na maji

Hii hatua watu wanairuka na ndio inayoamua kama utaifurahia safari.

Upepo kwanza. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, bahari huwa ya kuvumilika na joto kali. Masika ni Machi hadi Mei, mvua. Kuanzia hapo inaingia kusi, na Juni hadi Agosti ndio bahari inachafuka kweli kweli. Miezi mizuri ya tumbo lako ni ile ya katikati ambapo upepo unabadilika, hasa Oktoba na Novemba mwanzoni, na tena Februari mwishoni.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu kusi. Inatoka kusini, na kutoka Dar kwenda Unguja unaelekea kaskazini, kwahiyo wimbi linakusukuma kwa nyuma, boti inateleza tu, mtu anashuka Malindi, bandari ya Unguja, anajisifu "mimi bahari nimeizoea". Wakati wa kurudi boti inakata wimbi uso kwa uso, inapigwa, inadunda, na yule yule aliyejisifu anaomba mfuko. Kama unasafiri miezi ya kusi dawa yako ya kweli ni ya kurudi, na ukiweza rudi asubuhi maana upepo kwa kawaida unazidi nguvu mchana.

Angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa siku moja kabla. Wakitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, sogeza safari. Hii sio woga. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Unguja, Julai ni katikati ya kusi. Na MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Kwahiyo ukiona chombo kimejaza hadi watu wamekaa kwenye ngazi na juu ya mizigo, shuka. Hela ya tiketi inatafutwa.

Sasa maji. Zanzibar bahari inakupwa na kujaa mara mbili kwa siku na tofauti siku za bamvua, yaani maji makubwa, inafika karibu mita 4, ni nyingi sana. Pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani maji yakikupwa yanaondoka mbali kabisa, unabaki na mchanga, mwani na kina mama wanaolima mwani. Kuzuri kwa picha na kutembea, kuogelea sahau.

Kanuni ya haraka bila programu yoyote ya simu: mwezi ukiwa mpevu au ndio umeandama, maji yanakupwa kabisa karibu saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni. Alafu kila siku inayofuata nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Baada ya wiki moja hivi mambo yanageuka, saa nne inakuwa maji kujaa, ila hapo ni maji mafu, tofauti yake ni ndogo. Ukitaka uhakika muulize mvuvi yeyote Malindi, anakujibu bila kuangalia popote.

Tumia hivi: fungu la Nakupenda na matembezi ya mwambani unayapanga maji yakikupwa, kuogelea pwani ya mashariki yakijaa. Nungwi na Kendwa huku kaskazini maji hayakimbii mbali, unaogelea karibu muda wote, na ndio maana hoteli zimejazana huko.

## Hatua ya 3: Kata tiketi mahali penye kiti na kaunta

Kata onlaini au kwenye ofisi za kampuni zenyewe pale bandarini. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Bei ya Mtanzania na ya mgeni ni tofauti na ya Mtanzania ni nafuu zaidi, kwahiyo usimkatie mgeni tiketi ya Mtanzania ukidhani umemsaidia, watamkamata kwenye ukaguzi na atalipa tofauti huku foleni nzima inamtazama.

Ukifika nje ya bandari kuna vijana watakukimbilia, "bro boti imejaa ila mimi ninayo moja". Wapite. Ukishampa hela mtu asiye na kaunta huna wa kumrudia.

Daraja gani? La kawaida linatosha kabisa. VIP unalipia kochi na utulivu, haikuzuii kutapika hata kidogo, wimbi halisomi tiketi.

Umefanikiwa ukiwa na tiketi ya kwenda na kurudi zote mbili, umezipiga picha, na umesoma nyuma yake masharti ya kubadilisha tarehe. Mabadiliko hufanywa kabla boti haijaondoka. Baada ya hapo ni karatasi tu.

## Hatua ya 4: Tayarisha tumbo usiku wa kuamkia safari

Lala. Mtu aliyekesha anatapika haraka kuliko aliyelala, na pombe ya jana usiku inaongeza.

Asubuhi kula kidogo na kikavu: mkate, kiazi kitamu, ndizi. Tumbo tupu ni baya sawa na tumbo lililojaa supu ya mafuta na chapati tatu. Maziwa achana nayo.

Dawa inamezwa kabla, kama saa moja hadi mbili kabla ya boti kuondoka. Ukisubiri mpaka uanze kusikia mate yanajaa mdomoni umechelewa, utaitapika na yenyewe. Cinnarizine na promethazine ndizo zinazopatikana sana famasi, ila promethazine inaleta usingizi mzito, usimeze kama ukishuka unaendesha gari au pikipiki. Mjamzito, mtoto mdogo na mwenye dawa nyingine anazotumia waongee na mfamasia kwanza.

## Hatua ya 5: Kufika bandarini Dar bila kupotezwa

Hapa kuna kosa dogo linaloachisha watu boti. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Feri" atakupeleka Feri kweli, yaani Magogoni kwenye soko la samaki na pantoni la Kigamboni. Boti za Zanzibar ziko nyuma kidogo, barabara ya Sokoine, karibu uso kwa uso na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mwambie "kwenye boti za Zanzibar, pale kanisani St. Joseph". Ukija na Mwendokasi shuka Posta ya Zamani, utembee kidogo.

Fika saa nzima kabla. Kuna kukaguliwa kitambulisho, mizigo inapita kwenye mashine, na foleni ya kupanda inaanza mapema. Boti haisubiri, tena wakati mwingine unaiona kabisa inang'oka wewe uko getini unajieleza.

Wabeba mizigo wana sare. Kubaliana bei kabla mkono wake haujagusa begi. Mzigo mkubwa unapokelewa na kuwekwa sehemu yake, ufunge vizuri na uandike jina, na vitu vya thamani, dawa na chaja ubaki navyo mwilini.

## Hatua ya 6: Kaa mahali sahihi

Sehemu ambayo inacheza kidogo kuliko zote ni katikati ya chombo kuelekea nyuma, na chini. Mbele ndio inanyanyuka na kudunda. Watu wanakimbilia mbele kwa ajili ya kuona, alafu wanajuta wakipita tu kisiwa cha Mbudya.

Ila mimi kwa mtu anayetapika nampendekezea sitaha ya nje upande wa nyuma, japo iko juu. Upepo usoni na macho kwenye mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu, au kwenye ufukwe kama bado unaonekana. Sababu yake ni kwamba sikio la ndani linasema tunayumba na macho yakiangalia simu yanasema tumetulia, mwili unachanganyikiwa unaamua kutapika. Kwahiyo usisome, usichati, usiangalie ile muvi wanayoweka kwenye tivii. Harufu ya jirani anayetapika nayo ni chanzo, ndio maana nje ni bora.

Wahudumu wanapita na mifuko, chukua hata kama unajiamini. Ukitapika, suuza mdomo, kunywa maji kidogo kidogo, tafuna tangawizi.

Kabla hujatulia kaa sekunde chache uangalie laifu jaketi ziko wapi na mlango wa karibu ni upi. Kama una watoto wavalishe za saizi yao ujue zinavyofungwa. Najua watakucheka. Wacheke.

## Hatua ya 7: Kushuka Malindi na kuwapita mapapasi

Boti inafunga gati Malindi, ukingoni kabisa mwa Mji Mkongwe. Wageni wanapita uhamiaji, Mtanzania awe na kitambulisho mkononi.

Nje ya geti wapo mapapasi. Watakuuliza unatoka wapi, unafikia hoteli gani, "nakufahamu mimi". Hawana ubaya wote, wengine ni waongozaji wazuri, ila usikubaliane bei ya kitu chochote ukiwa umesimama na begi jua kali. Salimia vizuri, shikamoo kwa mkubwa, "asante kaka nina mwenyeji", endelea kutembea. Kama unafikia Mji Mkongwe huhitaji teksi, unaweza kufika kwa miguu, vichochoro vyenyewe gari haipiti.

Kitu cha kwanza kufanya kabla hujaanza kuzurura: geuka nyuma uangalie geti la kuondokea liko wapi na uulize kwenye ofisi ya boti yako wanafunga kupokea abiria saa ngapi. Mchana ukiwa umepotea ndani ya vichochoro hiyo taarifa ina thamani.

## Hatua ya 8: Mji Mkongwe kwa miguu, mzunguko mmoja

Mzunguko huu umepangwa uanzie na kuishia Malindi, kwahiyo unamfaa hata mtu wa kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Utembee taratibu, nusu siku inatosha.

Toka bandarini, bahari iwe kulia kwako. Jengo la kwanza la kusimama ni Jumba la Dawa, lile lenye baraza za mbao zilizochongwa, lilijengwa na tajiri Tharia Topan. Mbele yake Jumba la Kasri, alafu Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, kwahiyo unaliangalia kwa nje na usisogee penye uzio hata kama picha ingekuwa nzuri.

Pembeni yake Ngome Kongwe, ukuta mnene wa Waomani, kuingia uani ni rahisi na kivuli kipo. Bustani ya Forodhani iko mbele. Sasa sikiliza vizuri: chakula cha Forodhani ni cha jioni, meza zinapangwa jua likizama. Ukitaka urojo mchana ingia vichochoroni, upo na mara nyingi ni mtamu zaidi. Na jioni ukifika uliza bei kabla ya kuonyesha kidole, pweza na kamba wanauzwa kwa jinsi unavyoonekana.

Kutoka hapo kata ndani kuelekea Mkunazini. Kanisa la Anglikana lilijengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873. Kuna vyumba vya chini, vidogo, dari linakugusa kichwa, na sanamu za watu waliofungwa mnyororo uani. Chukua muongozaji wa pale pale, na tafadhali sio mahali pa selfi za kucheka. Tenga saa nzima, watu wanatenga dakika kumi alafu wanatoka kimya wakiwa wamechelewa kila kitu kingine.

Malizia Darajani sokoni, lililojengwa 1904. Viungo hapa ni bei nzuri kuliko maduka ya watalii. Alafu fuata barabara kubwa kurudi Malindi.

Usiogope kupotea. Mji wenyewe ni mdogo, ukitembea upande wowote unatokea baharini au barabara ya Darajani.

Tahadhari mbili. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, migahawa mingi ya wenyeji inafunga, panga chakula chako hotelini. Na picha za watu, hasa kina mama na milango ya nyumba zao ikiwa wazi, omba kwanza. Bandarini na penye askari weka simu mfukoni.

## Hatua ya 9: Ukiwa na siku zaidi, chagua mwelekeo mmoja kwa siku

Kosa kubwa ni kutaka kisiwa cha Changuu, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani na Nungwi kwa siku moja. Unaishia kuona barabara.

Siku ya visiwani. Changuu ina kobe wakubwa wa Aldabra na jengo la gereza la 1893 ambalo halikuwahi kufunga wafungwa, lilitumika kuwatenga wagonjwa. Boti ndogo zinatoka ufukweni pande za Forodhani, kama nusu saa. Unganisha na Nakupenda siku ambayo maji yanakupwa asubuhi au mchana, rudi hatua ya 2. Kabla ya kulipa hakikisha bei inahusu boti nzima au kichwa, kurudi kupo ndani, na laifu jaketi zipo za kuhesabika. Ukijibiwa "usijali" bila kuonyeshwa, tafuta nahodha mwingine. Na lipa nusu, nusu ukirudi.

Siku ya shamba. Mzanzibari akisema shamba anamaanisha popote nje ya mji. Viungo viko upande wa Kizimbani na Kidichi, na Kidichi ukiomba utaonyeshwa na hamamu (bafu) ya Kiajemi ya Sultani Seyyid Said. Jozani ni kusini mashariki, kilomita 35 hivi, pa kuona kima punju ambao asili yao duniani ni Unguja tu. Nenda asubuhi au alasiri, mchana wamelala. Usiwalishe, usiwaguse.

Siku ya bichi. Gari za abiria zinatambulika kwa namba: 116 Nungwi, 309 Jambiani, 310 Makunduchi. Ni nafuu mno na ni burudani kama huna haraka, ila zinapakia mchele, godoro na mbuzi, na gari za kurudi mjini zinaisha mapema jioni. Muulize kondakta wakati wa kushuka gari ya mwisho ni saa ngapi, sio wakati wa kuhitaji.

Kizimkazi wengi wanaenda kwa pomboo. Nahodha akianza kuwakimbiza na kuwazingira mwambie apunguze, ukiwarukia majini wanazama na kuondoka. Ukiwa kule tembelea msikiti wa kale, maandishi yake ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yana tarehe inayolingana na 1107.

## Hatua ya 10: Pemba, kwa asiye na haraka

Pemba ina boti chache kwa wiki, kwahiyo kanuni ya kuanza na kurudi hapa ni sheria. Boti inafunga Mkoani. Kuna za kasi na kuna meli kubwa inayobeba magari inayosafiri usiku. Ya usiku ina faida, unalala na hulipii hoteli, lakini mkondo wa Nungwi, pale kisiwa cha Unguja kinapoisha na bahari inakuwa wazi, ndio sehemu ngumu kuliko zote kwenye njia hii. Meza dawa hata kama Dar hadi Unguja ulikuwa mzima. Miezi ya kusi ningekushauri uende Pemba msimu mwingine.

Fikia Chake Chake, ndio katikati na huduma za benki ziko hapo. Kutoka hapo:

- Kidike, njiani kwenda Wete, kuna popo wa Pemba, wakubwa, wananing'inia mitini mamia kwa mamia. Nenda jioni wakiamka.
- Msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi kaskazini kabisa. Beba maji na chakula, hakuna mgahawa unaokusubiri.
- Magofu ya Pujini, ngome ya Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee wanamsimulia kwa ukatili wake. Pata mwenyeji wa kukuongoza la sivyo utaona mawe tu.
- Kisiwa cha Misali kwa kuzamia na kuangalia matumbawe. Ni hifadhi, kuna kiingilio.

Ukienda msimu wa karafuu, kuanzia Julai hadi mwishoni mwa mwaka kutegemea mavuno, utakuta zimeanikwa kwenye majamvi kila uwanja. Usikanyage, na usinunue za kichochoroni kwa wingi ukitaka kuondoka nazo: biashara ya karafuu inasimamiwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuzitoa kinyemela ni kesi. Pakiti ya dukani yenye risiti haina shida.

Pemba ni wakimya na wana heshima sana, hoteli ni chache, bia ni za kutafuta. Asiyependa hivyo abaki Nungwi.

## Hatua ya 11: Kurudi

Siku ya kurudi usipange kivutio kinachohitaji gari au boti ndogo. Zunguka mjini tu, maliza zawadi, kula, ukae karibu na Malindi saa moja na nusu kabla. Dawa meza kama hatua ya 4, hasa kipindi cha kusi.

Mizigo ya kurudi ndio inayowashangaza watu. Dar kuna ukaguzi wa forodha. Ukinunua tivii, simu kadhaa au vifaa vya umeme kwa sababu Zanzibar ni bei rahisi, beba risiti na ujue unaweza ukadaiwa ushuru, piga hesabu hiyo kabla ya kununua na sio ukiwa umeshalibeba tivii kichwani. Kanga chache, viungo, halua, visheti, hakuna atakayekusumbua. Magamba ya kasa na matumbawe usinunue kabisa hata ukiambiwa ni ya zamani, ni marufuku.

Halua funga mara mbili ndani ya kikapu na uiweke juu, maana ikikandamizwa inavuja na huyo utakayempelekea atapokea mfuko unaonata. Ukishapita ukaguzi usiwafuate madereva wanaokuita ndani ya geti, toka hadi barabarani ndio uite gari au uvuke kwenda Mwendokasi.